Mafuta Katika Hori

Watu wengi husema kwamba mkulima humlisha ng'ombe, naye ng'ombe humpa mkulima maziwa. Maneno haya ni kweli, lakini si kweli yote. Kati ya hori na ndoo ya kukamulia pana viumbe wengi sana ambao mkulima hawaoni, na hao ndio wanaokula kwanza. Mimi niliwajua viumbe hao baada ya kuwaua. Jinsi nilivyowaua, na hasara iliyotupata nyumbani kwa tendo hilo, ndiyo habari ninayotaka kuisimulia katika insha hii.

Sisi ni watu wa Trans Nzoia, upande unaotazama vilima vya Cherangani. Nchi yetu yasifiwa kwa mahindi. Lakini mahindi huvunwa mara moja kwa mwaka, na mahitaji ya nyumba hayangoji mavuno. Kwa sababu hiyo jamaa nyingi za huko hufuga ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Baba yangu alifariki dunia nilipokuwa kidato cha nne. Alimwachia mama yangu watoto wanne, shamba la ekari mbili, baiskeli moja na mtamba mmoja. Mtamba huyo alikuwa mchanganyiko wa Ayrshire na ng'ombe wa kienyeji, mwekundu mwenye mabaka meupe. Mama alimwita Neema, na jina hilo halikuwa la bure. Maziwa ya Neema yalinunua chumvi na mafuta ya taa, yakalipa karo yangu mpaka nikamaliza shule, kisha yakanipeleka chuo cha ualimu.

Mwaka 2011 nilikuwa katika mwaka wa pili wa chuo. Niliporudi nyumbani kwa likizo ya Agosti, nilimkuta Neema ana ndama wa miezi miwili. Alikuwa akitoa lita 12 kwa siku: 7 asubuhi na 5 jioni. Lita 3 zilikuwa za ndama na chai yetu. Lita 9 zilizobaki mdogo wangu alizipakia kwenye baiskeli kila alfajiri, akazipeleka kituo cha chama cha ushirika kilicho umbali wa kilomita 4. Fedha za maziwa hayo zilikuwa na kazi kabla hazijafika mkononi. Dada yangu alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, naye alikuwa na deni la karo la shilingi 6,000. Barua ilikuwa imekuja kusema kwamba asirudi muhula wa tatu bila fedha hizo. Mama aliitia barua ile katika kikapu cha kuwekea vikombe, na kila tulipokunywa chai tuliiona.

Nilipiga hesabu, nikaona kwamba kama Neema angetoa lita 15 au 16 kwa siku, deni lingepungua sana kabla ya Septemba. Lakini lita hizo zitoke wapi? Hapo ndipo nilipokumbuka daftari langu la somo la kilimo. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba gramu moja ya wanga au sukari humpa mwenye kula kalori 4, na gramu moja ya mafuta humpa kalori 9. Nilijiambia: kufanya maziwa ni kazi, na kazi hutaka nguvu. Ikiwa mafuta yana nguvu zaidi ya maradufu kuliko wanga, basi mwenye kutaka maziwa mengi na atie mafuta katika hori. Hoja hiyo niliiona nzuri, nami nilijipenda kwa kuipata.

Jirani yetu alikuwa na mashine ndogo ya kukamua alizeti. Mafuta safi aliyauza sokoni. Mashapo yaliyotuama chini ya pipa aliwauzia watengenezaji wa sabuni kwa bei ndogo. Nilinunua lita 20 za mashapo hayo kwa fedha nilizokuwa nimejiwekea, nikayabeba nyumbani kama mtu aliyebeba dawa.

Jioni ile nilichota nusu lita, nikaimimina juu ya pumba na mashudu ya alizeti, nikakoroga. Mama alisimama mlangoni mwa boma akanitazama. Mama yangu huniita Baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake mzazi.

"Baba, hicho unachomtilia ni nini?" aliuliza.

"Ni nguvu, Mama," nilijibu.

"Na kipimo chake umekipata wapi?"

"Nimesoma chuoni, Mama."

Jibu langu halikuwa jibu la swali lake. Daftari langu lilikuwa na 9 na 4. Kipimo halikuwa nacho. Lakini mama aliishia darasa la nne, na mimi nilikuwa mwalimu wa kesho. Aliona haya kunikataza jambo ambalo jasho lake ndilo lililonipeleka kujifunza. Alinyamaza, akaingia jikoni. Baadaye katika maisha yangu ya ualimu nimeona mara nyingi kwamba mtu mjuzi hunyamaza mbele ya mtu mwenye cheti, na kwamba kimya hicho hugharimu.

Nilimpa Neema nusu lita asubuhi na nusu lita jioni. Siku ya pili maziwa yalizidi nusu lita. Niliandika hesabu hiyo katika daftari, nikaipigia mstari chini. Leo najua kwamba nusu lita yaweza kuzidi au kupungua kwa sababu nyingi, na kwamba siku mbili si ushahidi wa jambo lolote. Siku ile sikujua, kwa kuwa nilikuwa nimeona nilichotaka kuona.

Siku ya nne Neema aliacha nusu ya majani ya nepia katika hori. Siku ya tano kinyesi chake kilikuwa laini, chenye kung'aa, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mabua ambavyo havikusagika. Alilala kivulini mchana kutwa, lakini taya zake hazikuchezacheza kama ilivyo desturi ya ng'ombe aliyeshiba. Hakucheua. Siku ya sita tulikamua lita 9, na siku ya nane lita 7. Hata hivyo sikuacha kumtilia mafuta. Nilidhani kwamba mwili wake ulikuwa bado wajizoeza.

Aliyegundua kosa ni mama, na chombo chake kilikuwa sufuria. Ilikuwa desturi yake kuchemsha maziwa ya nyumbani usiku na kuyaacha yapoe, na asubuhi kuutoa ule utando mzito wa mafuta unaoganda juu. Alfajiri ya siku ya tisa aliniita jikoni, akaniinamishia sufuria nitazame. Utando ulikuwa mwembamba kama karatasi.

"Maziwa haya yamekuwa maji," alisema, "wala mimi sikuyatia maji."

Katika kituo cha ushirika hakuna aliyekuwa ametulalamikia. Karani wa huko alitumbukiza kipima maziwa kila siku, akaona kinaelea vizuri, akayapokea. Nimekuja kuelewa sababu yake. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Kwa hivyo maziwa yaliyopungukiwa na mafuta huwa mazito kidogo, na kipimo kile huelea juu zaidi. Chombo hicho hutambua maji yaliyoongezwa. Peke yake hakitambui mafuta yaliyopotea. Sufuria ya mama ilitambua.

"Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye," mama aliendelea kwa sauti ya chini, "lakini huyu ameelemewa na hori lake. Nenda kamwite bwana mifugo."

Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki adhuhuri. Alikuwa mtu mzima, mpole wa maneno. Hakuuliza kitu kwanza. Aliweka ngumi yake ubavuni mwa Neema, upande wa kushoto, chini ya mfupa wa nyonga, akatulia kwa muda mrefu akihesabu. Tumbo la ng'ombe mzima hujikunja na kujikunjua mara moja au mbili kwa dakika, na mkono huweza kulisikia. La Neema lilikuwa karibu limelala.

"Mnampa nini?" aliuliza.

Mama alinitazama mimi. Nilieleza habari yote: nguvu za mafuta, kalori 9 na kalori 4, lita moja kwa siku. Nilitazamia kukemewa, lakini mzee yule alichukua kijiti, akachuchumaa, akaanza kuchora duara kubwa katika mavumbi.

"Mwalimu," alisema, nami niliona haya kwa jina hilo, "ng'ombe huyu hawezi kusaga nyuzi za jani hata moja kwa nguvu zake mwenyewe. Mwili wake hauna kitu cha kuzivunja. Mungu amempa wapishi."

Duara lile lilikuwa tumbo la kwanza la ng'ombe, liitwalo rumeni. Ng'ombe ana matumbo manne, na hilo ndilo kubwa kuliko yote. Katika ng'ombe mkubwa huweza kuchukua zaidi ya lita 100. Ndani yake mna giza na joto, hamna hewa, na mna bakteria, vijidudu vingine vikubwa zaidi, na jamii za ukungu. Tone moja la maji ya tumbo hilo lina bakteria wengi kuliko watu wote wa Kenya. Hao ndio wapishi. Wao huzivunja nyuzi za nyasi ambazo mimi na wewe hatuwezi kuzila, na katika kuzivunja hutoa asidi. Asidi iliyo kubwa kuliko nyingine ni ya asetiki, ile ile inayoipa siki ukali wake. Asidi hiyo huingia katika damu ya ng'ombe na kusafiri mpaka kiwele, na kiwele huitumia kujenga mafuta ya maziwa. Karibu nusu ya mafuta yaliyomo katika maziwa hujengwa katika kiwele chenyewe kwa namna hiyo. Nusu nyingine hutoka katika mafuta yanayochukuliwa na damu, kutoka kwenye chakula au mwilini mwa ng'ombe.

"Sasa," bwana mifugo alisema, "wewe umemwaga mafuta jikoni. Mafuta ya alizeti ni sumu kwa wengi wa wapishi hawa. Tena huzifunika nyuzi za majani kama nta, hata wale waliobaki hai hawapati pa kushika. Majani hayavunjiki, tumbo halipungui, ng'ombe hana njaa. Asipokula, maziwa yatatoka wapi? Ulitaka kumlisha Neema, ukawaua wapishi wake."

Kisha tulipiga hesabu mavumbini, na hesabu hiyo naikumbuka mpaka leo. Ng'ombe wa kilo 400 kama Neema hula chakula ambacho, maji yake yote yakiondolewa, ni kama kilo 12 kwa siku. Nyasi na pumba zenyewe zina mafuta kidogo, kama sehemu 2 au 3 katika kila 100. Tukichukua sehemu mbili na nusu, ni gramu 300. Mafuta yote katika chakula cha ng'ombe hayapasi kuzidi sehemu 6 au 7 katika 100, na mafuta ya maji yanayomiminwa hivi hivi hayapasi kuzidi sehemu 2 au 3. Kwa Neema sehemu 3 zingekuwa gramu 360. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920. Ukizijumlisha na zile 300 unapata gramu 1,220, yaani zaidi ya sehemu 10 katika 100, hata kabla ya kuhesabu mafuta yaliyosalia katika mashudu. Nilikuwa nimepita mpaka, nikaendelea kukimbia.

Dawa yake haikuwa ya sindano. Alituagiza tuyaache mafuta, tumpe nyasi kavu ndefu ili acheue, maji mengi, na chumvi ya madini, kwa kuwa mafuta yakizidi hushikamana na kalsiamu na magnesi ndani ya tumbo na kumnyima ng'ombe madini hayo. Baada ya hapo tungoje, kwani wapishi huzaliana upya. Tulingoja. Siku ya nne Neema alianza kucheua. Baada ya wiki mbili hivi utando ulirudi katika sufuria ya mama. Maziwa yenyewe yalipanda hadi lita 10 na kukoma hapo. Ng'ombe hufikia kilele cha maziwa yake katika wiki ya sita hadi ya nane baada ya kuzaa. Neema alikuwa juu ya kilele hicho nilipomwangusha, na msimu ule hakukipanda tena.

Deni la shilingi 6,000 halikungoja. Septemba ilipoingia, mama aliuza baiskeli ya baba. Dada yangu alirudi shuleni akiwa amechelewa wiki moja, na mdogo wangu akalibeba dumu la maziwa kwa miguu kila alfajiri, kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, mpaka katikati ya mwaka uliofuata. Mama hakunitolea neno la lawama. Lakini siku niliyoondoka kurudi chuoni nilikutana na mdogo wangu njiani, dumu limeelemea bega moja, naye akanisalimu kwa uchangamfu kama kwamba hapana lililotokea. Salamu ile ilinichoma kuliko lawama.

Tangu siku hiyo nimesoma mambo ya mafuta na maziwa kila nilipopata nafasi. Nimeona kwamba ujinga wangu ulikuwa na wenzi wengi, na kwamba wataalamu nao walihangaika kwa miaka mingi. Kupungua kwa mafuta ya maziwa kwa sababu ya chakula kuliandikwa na Mfaransa Boussingault tangu mwaka 1845. Sababu yake ilitafutwa kwa zaidi ya miaka 150. Wengine walidhani kwamba ni upungufu wa asidi ya asetiki tu. Lakini upungufu huo haukutosha kueleza jinsi mafuta yalivyoporomoka.

Jibu lilipatikana kwa kuwatazama wapishi kwa makini zaidi. Mafuta ya mimea kama alizeti ni ya maji kwa sababu hayajashiba haidrojeni. Bakteria huyatia haidrojeni hatua kwa hatua mpaka yashibe, na hapo hayawadhuru tena. Lakini mafuta yakizidi, au hali ya tumbo ikiharibika, kazi hiyo hupotoka na kuishia katikati. Katika vitu vinavyobaki katikati ya njia mna asidi moja ya mafuta yenye umbo la pekee, na hiyo ikifika kwenye kiwele hukiamuru kipunguze kufanya mafuta. Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliiingiza asidi hiyo katika tumbo la nne la ng'ombe, wakilipita lile la kwanza. Gramu 10 tu kwa siku, kwa muda wa siku 4, zilipunguza mafuta ya maziwa kwa zaidi ya sehemu 40 katika 100. Gramu 10 ni vijiko viwili vya chai. Niliposoma habari hiyo niliukumbuka utando mwembamba kama karatasi, nikajua ulikokwenda.

Je, mafuta ni adui wa maziwa? La, hasha. Nisingependa msomaji atoke katika kosa langu na kuingia katika lile la upande wa pili. Hesabu ya 9 na 4 ilikuwa sahihi, na mafuta yana mahali pake. Ng'ombe mwenye maziwa mengi hupata taabu kubwa baada ya kuzaa. Kiwele chake hutaka nguvu nyingi mara moja, na hamu yake ya chakula huchelewa kufika. Kwa hiyo huyeyusha mwili wake mwenyewe na kukonda. Mnyama wa namna hiyo hufaidiwa na chakula kidogo chenye nguvu nyingi. Tena mafuta hayampi joto jingi tumboni kama majani makavu, na hii ni faida katika nchi za joto.

Tatizo lilikuwa jinsi ya kuyapitisha jikoni bila ya kuwadhuru wapishi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wawili wa jimbo la Ohio, Donald Palmquist na Thomas Jenkins, walionyesha njia. Mafuta yakiunganishwa na kalsiamu huwa kitu kigumu, jamii ya sabuni, ambacho hakiyeyuki sana katika tumbo la kwanza kwa kuwa ukali wa asidi yake ni mdogo. Kikifika tumbo la nne, lenye asidi kali, huachana, na mafuta huenda zake katika utumbo yakachukuliwa na damu. Haya huitwa mafuta yaliyokingwa. Mengi hutengenezwa kwa mafuta ya mawese, nayo huuzwa kwa mifuko. Ng'ombe mwenye maziwa mengi akipewa gramu mia mbili tatu hivi kwa siku, aghalabu maziwa yake huongezeka, na mafuta ya maziwa huongezeka au hukaa mahali pake.

Hata hivyo yana mipaka miwili. Kwanza, mafuta si chakula cha wapishi. Hao hutaka wanga, nyuzi na naitrojeni ndipo wazaliane, na miili yao ndiyo sehemu kubwa ya protini anayopata ng'ombe. Kwa hiyo protini ya maziwa hupungua kidogo mafuta yanapoongezwa. Pili, wingi wa maziwa hufuata sukari ya maziwa, kwa kuwa sukari hiyo ndiyo inayovuta maji kuingia katika kiwele, na maziwa ni maji kwa sehemu 87 katika 100. Mafuta peke yake hayatoi sukari ya kutosha. Ng'ombe wa lita 5 asiyeshiba nyasi wala maji hahitaji mfuko wa mafuta. Ahitaji nyasi na maji.

Tena wanyama hawafanani. Nguruwe ana tumbo moja, hana wapishi mbele ya utumbo. Nguruwe jike akiongezewa mafuta katika siku za mwisho za mimba na siku za kunyonyesha, maziwa yake huwa na mafuta zaidi, na watoto wake huweza kupona kwa wingi zaidi. Chakula kile kile, kipimo kile kile, lakini tumbo jingine. Na matokeo ni mengine kabisa.

Leo katika boma la mama yumo mjukuu wa Neema. Humpa mashudu ya alizeti kilo moja kwa siku, pamoja na nepia, nyasi kavu na majani ya jamii ya kunde. Mafuta yaliyosalia katika mashudu hayo yanamtosha; hatumtilii tone jingine. Mafuta yaliyokingwa hatununui, kwa kuwa ng'ombe wa lita 13 hawezi kuyalipia. Jirani mwenye Friesian wa lita 28 huyanunua kwa miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa, naye hufaidi. Sisi hatumwonei wivu, wala yeye hatucheki. Kila mmoja ana hori lake na hesabu yake.

Enyi vijana mnaosoma maneno haya, wengi wenu mtarudi makwenu likizo hii na daftari mkononi. Rudini nalo, hamkupelekwa shule ili mlifiche. Lakini mnapokuta jambo la kweli kitabuni, ulizeni tena maswali mawili kabla hamjalitenda: kiasi gani, na kwa nani? Mimi nilikuwa na ukweli mmoja, nikaumimina kama kwamba ndio wote. Mama yangu aliuliza habari ya kipimo siku ya kwanza kabisa, katika mlango wa boma, bila ya daftari. Kama ningalimjibu kwa unyofu kwamba sijui, baiskeli ya baba ingalikuwapo.

Mimi sasa ni mwalimu, nami hufundisha somo lile lile. Kila mwaka huandika ubaoni 9 na 4, na pembeni yake huandika 6, kisha nawasimulia wanafunzi habari za wapishi. Na kila niendapo nyumbani, mama huniamsha alfajiri, akaniita jikoni na kuniinamishia sufuria nitazame utando. Hasemi neno. Nami hutazama, nikasema, "Mzuri, Mama," ndipo chai inywewe.